Kilo Tatu za Kiazi cha Njano

Machi 11, Jumanne

Ukuta unatoka jasho. Siongezi chumvi: nimeuegemea nikivaa viatu, nimetoka na mgongo uliolowa kama niliyebeba ndoo inayovuja. Kila mwaka mwezi huu joto la kusini linakuja kuikuta baridi bado imelala ndani ya nyumba, basi vigae, vioo, ngazi, vyote vinatiririka. Shati nililofua Ijumaa limeanza kunuka kabla halijakauka.

Daftari hili nimepewa na laoban wa zipu. Laoban ni bosi, na mabosi wa mji huu mimi nawajua mpaka majina ya mbwa wao. Naitwa Jovitus, wa Kamachumu, Bukoba, mwaka wa kumi na nne Guangzhou. Kazi yangu kuongoza wafanyabiashara: nawapeleka Shahe kwenye nguo za bei ya chini, nawapeleka Barabara ya Zhanqian kwenye nguo za kujidai, nawasemea Kichina, nawapigania bei, nawafikisha kwa wakala wa kago. Shule niliishia kidato cha pili, lakini wapo watu na digrii zao hawawezi kununua hata soksi bila mimi.

Wateja hakuna mpaka maonyesho ya Aprili, na mtu asiye na wateja anaongea sana. Safia, Mzanzibari mwenye mgahawa pale Xiaobei, jana kanifukuza jikoni kwake. "We Jovitus, mie n'nafunga, na weye kutwa wan'hadithia chakula. Nenda kaongee na karatasi, karatasi haina saumu."

Basi nimekuja.

Machi 13

Ukuta bado. Kikohozi. Sikutoka.

Machi 16, Jumapili

Dainess tunakaa naye nyumba moja, chumba chake upande wa dirisha, changu upande wa choo. Ni mtu wa Makete. Ananunua nguo za watoto, anamtumia dada yake Mbeya. Mwaka wa tatu huu hajatia mguu nyumbani. Shingoni ana rovu kubwa kama chungwa, na analifunika kwa skafu hata mwezi wa saba, wakati hapa Guangzhou ukivaa shanga tu unaona zimekuelemea.

Leo katoka kanisani, kakaa mezani na skafu yake, hata viatu hajavua.

"Jovi, Goodness anafanyiwa send-off Juni ishirini na nane."

"Hongera, Mama Goodness! Nani huyo ametuibia?"

"Mtu wa Iringa. Nisikilize kwanza. Siku ile mwanangu ataniletea keki mbele ya watu, nitasimama naye, tutapigwa picha. Amelelewa na bibi yake tangu nije huku. Picha yake na mimi ya ukubwani hana. Sasa hiyo moja nisimame na hili?" Akashika shingo.

"Hospitali walisemaje?"

"Kisu. Mimi kisu shingoni hapana, Jovi. Anayepitishwa kisu shingoni ni kuku."

Nimecheka, kisha nimeona yeye hacheki. Nimemwambia amefika kwa mwenyewe. Kuna mama wa dawa za mizizi nyuma ya daraja la waenda kwa miguu, laoban wa mikanda alipona mgongo kwake. Juni ni mbali. Mpaka Juni hiyo shingo nitakuwa nimeipeleka na kuirudisha.

Machi 18

Tumeenda. Watu wote wanamwita Ayi Lin, yaani mama mdogo Lin. Duka lake ni korido yenye vidroo mia tatu na kiti kimoja. Kamshika Dainess mkono kwa vidole vitatu, kafumba macho muda mrefu mpaka nikadhani kalala. Kamwambia atoe ulimi. Kamminya shingo polepole, kama mtu anayechagua parachichi.

Halafu kafungua kidroo. Kikatoka kitu kimekatwa slesi kama muhogo mkavu, katikati njano, ganda la kahawia lenye vidoadoa vya vijizizi. Nikaruka.

"Mama Goodness! Hiki si kiazi kikuu? Kile kinachopanda mti! Kwa bibi yangu Kamachumu kilikuwa kinaning'inia juu kama figo za ng'ombe, tunakiangusha kwa fimbo, tunakila na maharage!"

Ayi kakiita huangyaozi, nami nimetafsiri palepale: dawa ya njano. Kapima vipande vichache kwenye kimizani kinachoshikwa mkononi, kaviongezea majani na magome, kafunga pakiti saba. Siku saba, kila siku pakiti moja, chemsha, kunywa. Kisha aende hospitali apimwe damu, alete karatasi, ndipo atazame upya.

Nimemtafsiria Dainess vyote. Hilo la karatasi ya damu nimeliacha njiani. Wachina wanapenda karatasi, ukiwaendekeza watakuomba karatasi ya kuombea karatasi.

Machi 22

Nyumba nzima inanuka mizizi. Dainess anakunywa ameziba pua, kisha analamba sukari kama mtoto. Anasema shingo imelainika. Nimeminya. Imelainika, au vidole vyangu vina imani.

Machi 25

Leo nimekwenda kwa Ayi peke yangu. Dainess alikuwa anafunga mzigo wa kago.

Nikaingia na mahesabu yangu kichwani. Kutoka leo mpaka siku ya kusafiri ni kama siku themanini. Mtu anayejua mji hanunui rejareja. Nikamwambia Ayi nataka pakiti themanini, tuzungumze kama watu wazima.

Akauliza karatasi ya damu iko wapi. Nikasema itakuja. Akasema: "Bu xing."

Sasa hapa lazima nieleze, maana hili neno nimewafundisha wageni mia mbili. Bu xing wanasema ni haiwezekani. Sokoni siyo. Sokoni bu xing ya kwanza ni salamu. Ya pili ni bosi kujitunzia heshima mbele ya wafanyakazi wake. Ya tatu ndiyo bei inaanza kushuka. Mgeni akiambiwa bu xing anaondoka analia. Mimi nikiambiwa bu xing navuta kiti.

Nikavuta kiti. Nikasema sitini. Bu xing. Nikasema arobaini, na wateja wa Kiafrika nitamletea mpaka mlango ung'oke. Akakinyanyua kile kiazi, akaniwekea mbele ya macho, akasema maneno mengi kwa haraka, nusu Kikantoni, akajigonga hapa chini ya mbavu za kulia, mara mbili. Nikamwambia ndiyo ndiyo, bidhaa nzuri, najua. Bu xing. Nikasema thelathini. Bu xing.

Basi nikacheza karata ya mwisho: nikainuka, nikaelekea mlangoni taratibu, mgongo nimempa, masikio nimemwachia. Shahe ukifanya hivi, kabla hujavuka kizingiti unaitwa: rafiki, njoo, njoo. Nimefika kizingitini. Nimefunga kamba ya kiatu. Nimeifungua, nimeifunga tena.

Hakuniita.

Miaka kumi na nne hii, hakuna mtu aliyewahi kutoniita.

Machi 26

Katika pakiti ya mwisho nilichomoa kislesi kimoja, nikakitia mfukoni. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi: jina la bidhaa hatulihitaji, tunabeba sampuli. Nimepanda treni ya chini mpaka soko la dawa upande wa mtoni, nimepita na sampuli yangu duka kwa duka, mpaka kijana mmoja akakitazama akafungua gunia. Kilo tatu. Hakuuliza mgonjwa ni nani wala mimi ni nani. Huo ndio usafi wa biashara.

Dainess kauliza, "Ayi amekubali kutoa yote haya?"

Nikasema, "Kakubali. Nimempiga bei mpaka kanionea huruma."

Akacheka, akanishika mkono kwa mikono miwili kama wanavyosalimia kwao. Kipimo tumekubaliana ngumi moja kila siku. Ni kiazi. Nimekila utotoni, niko hapa nimesimama.

Machi 31

Idi. Pilau kwa Safia. Nimekula mpaka nimeketi upande.

Aprili 4

Wachina wanasafisha makaburi yao. Mvua.

Aprili 9

Mvua. Dainess anachemsha, mimi nanusa. Anasema kamati ya Mbeya imechagua rangi za send-off: zambarau na dhahabu. Kajifunga kitenge mbele ya kioo, skafu kaivua, kajitazama kwa upande. "Jovi, si imepungua?" Nimesema imepungua sana.

Aprili 16

Maonyesho yameanza. Nina wateja wawili kutoka Kahama, ndugu, mmoja anataka kila kitu, mwenzake hataki chochote. Nimetembea tangu asubuhi. Miguu imekuwa ya mtu mwingine.

Aprili 18

Safia kanibana mlangoni kwake, mwiko mkononi.

"Dainess ana nini? Jana kaja hapa, n'mempakulia samaki, kala vijiko viwili, kan'rejeshea sahani. Na weye unamchemshia nini?"

"Dawa. Kiazi tu."

"Kiazi gani hicho kinachemshwa mwezi mzima na hakuna mtu aliyepakua?"

Nikamjibu kwamba mambo ya tiba ya Kichina yana elimu yake. Kanitazama kama mchele wenye mawe. Huyu mama anapenda kuniharibia siku. Amezoea kuwaamrisha wapishi, sasa anadhani sote ni wapishi.

Aprili 20, Pasaka

Dainess hakwenda kanisani. Alisema amechoka. Dainess, aliyekwenda kanisani na homa, na mguu uliotegukia Shahe. Nimemwambia ni dawa inapigana na ugonjwa, vita lazima ichoshe uwanja. Maneno yalitoka yamenyooka, hata mimi nimeyapenda.

Aprili 27

Kaniomba apunguze kipimo, tumbo linamkataa. Nikasema tumefika katikati ya mto, watu hawageuki katikati ya mto. Tumefanya ngumi moja na nusu.

Mei 1

Wateja wa Kahama wameondoka. Nimelala kutwa.

Mei 4

Anajikuna. Mikono, miguu, tumbo. Kanunua losheni mbili. Nimesema ni unyevu, mimi pia najikuna. Kweli nimejikuna, ili tuwe wawili.

Mei 8

Asubuhi alikuwa jikoni, akageuka kuniuliza kama sukari imekwisha. Weupe wa macho yake haukuwa mweupe. Ulikuwa kama karatasi ya zamani.

Nami nikasema nini? Nikasema, "Mama Goodness, naona sasa umeshakuwa Mchina kabisa, bado viza tu."

Akacheka kidogo. Akashika ukingo wa sinki.

Baadaye nimebadilisha balbu ya jikoni, nikaweka nyeupe. Macho hayakubadilika.

Mei 10, Jumamosi

Nimekaa kwenye ngazi za hospitali, mvua inapiga bati la baiskeli. Nitaandika yote.

Asubuhi alitapika, akakaa chini bafuni, akasema "Jovi" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nimembeba ghorofa nne. Mtu mzima, mwenye kuvuta mabelo Shahe peke yake, alikuwa mwepesi kama nguo za watoto anazouza. Dereva wa teksi akamtazama kwenye kioo, akafungua madirisha yote.

Wamemlaza. Damu, mkojo, kipimo cha tumbo. Daktari wa kike, kijana, miwani, anasema taratibu ili mgeni aelewe. Akasema ini. Ini lina hali mbaya. Akaniuliza: amekula nini, amekunywa dawa gani?

Swali jepesi. Kichina chake mtoto angekielewa. Na jibu lilikuwa pale mdomoni, limeshavaa viatu. Nikaona mabosi wote wanaonisalimia, wateja wote niliowaambia hakuna kisichonipita, nikamwona Goodness, nisiyemjua, na keki mkononi. Nikasema: "Mei you." Hakuna.

Dainess alikuwa ananitazama kutoka kitandani kwa macho yale ya njano. "Waambie ile dawa, Jovi."

"Nimewaambia."

Akafumba macho, ametulia. Yeye Kichina chake kinaishia kwenye namba na saizi. Ananiamini mimi.

Nimetoka nikakaa hapa. Namwandikia nani? Karatasi haina saumu, lakini haina pia mdomo wa kumwambia daktari.

Mei 11, Jumapili

Wamempima virusi vya kila aina, hawaoni kitu. Namba za ini zimepanda kuliko jana. Daktari amenishika koridoni: "Una uhakika hakuna dawa?" Nikatikisa kichwa kwamba hakuna. Nikashuka ngazi, nikaenda nyumbani, nikachota kile kiazi kilichobaki, nikatembea kwenye mvua mpaka kwa Ayi Lin.

Nikakiweka mezani. Hakukigusa kwanza. Akanusa. Akauliza: kiasi gani, kila siku? Nikamwonyesha ngumi. Akanitaka nichote kweli. Nikachota, akapima kwenye kimizani chake, kikainama. Kisha akachota kipimo chake mwenyewe, kile alichokuwa anatia kwenye pakiti. Vipande vinne. Akaviweka kando ya kichuguu changu, akaviacha hapo nivitazame.

Siku ngapi? Nikasema arobaini na tano.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akavaa viatu vya mvua, akashusha shata saa nne asubuhi ya Jumapili, saa za wateja, akachukua mwavuli, akaniambia tangulia. Treni ya chini, vituo sita. Alikuwa amekumbatia mfuko wa kiazi kama mtu anayepeleka kitu polisi.

Hospitali akamwandikia daktari jina kwa herufi zao na uzito wa kila siku. Daktari akasoma, akanitazama mara moja tu, akaondoka anakimbia. Matibabu yakabadilishwa saa ileile.

Hapo koridoni Ayi akatoa simu, akaiambia maneno, akaninyooshea. Mimi simu ya kutafsiri sijawahi kuitumia, nasemaga ni magongo ya wageni. Ikatoka sauti ya mwanamume, Kiswahili kimenyooka kama bomba:

"Nilikataa mara nne. Kiazi hiki kinaumiza ini. Nilikuonyesha ini. Wewe ulifikiri mimi nauza suruali."

Watu wakageuka. Nimesimama pale, mtaalamu wa neno moja la Kichina.

Kabla hajaondoka alichungulia wodini, kumtazama mgonjwa. Dainess akamwona. Akageuzia uso ukutani.

"Huyo," akasema. "Huyo mama ndiye kaniua."

Nilikuwa na pumzi ya kutosha kusema. Nimesema, "Pumzika, Mama Goodness."

Mei 13

Namba hazijashuka. Hazijapanda pia.

Mei 14

Dainess katuma sauti kwenye kundi la simu la wafanyabiashara. Sauti yake ni ya mtu aliye kisimani. Amewaonya akina mama wasimguse Ayi Lin, kamlisha sumu. Watu mia na zaidi. Pole zimemiminika.

Mei 15

Njoki, Mkenya wa viatu, kaenda dukani kwa Ayi na wenzake wawili, anarekodi: "Huyu ndiye, watu wangu, muoneni vizuri! Amekaribia kutuulia dada yetu!" Kwenye video Ayi anasema maneno yaleyale aliyoniambia mimi, anajigonga chini ya mbavu za kulia, mara mbili. Hakuna pale anayemwelewa. Mimi nimeitazama mara tano, naelewa yote.

Mei 16

Nimepita nyuma ya daraja. Shata limefungwa.

Mei 17

Limefungwa.

Mei 18

Limefungwa. Mvua.

Mei 19

Safia analeta uji hospitali kila siku, kwa treni, na mgahawa unamsubiri. Yule niliyemwandika kwamba anapenda kuamrisha. Leo tumeshuka naye.

"Jovitus, hebu n'fahamishe. Yule Ayi ndiye aliyekuja kuwambia madaktari?"

"Ndiye."

"Alipoteza siku yake, akaja kwa miguu yake kutaja dawa yake mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Hii ajabu. Mtu ampe mtu sumu, halafu amfate na treni kumtafutia uzima." Akasimama. "Mbona kimya? Weye huna kimya. Miaka yote n'nakuomba kimya hun'pi, leo unan'pa bure?"

Nimemwacha kwenye geti. Nimesema nimesahau mwavuli.

Mei 21, Jumatano

Namba zimeshuka. Daktari kaniambia mwenyewe, kaandika kwenye mkono wake kwa kalamu ili nione: hii jana, hii leo. Dainess kakaa kitako, kala uji nusu bakuli. Nilingoja amalize. Sikutaka kumnyima hiyo nusu.

"Mama Goodness, Ayi alikataa."

"Alikataa nini?"

"Kunipa dawa. Nilienda peke yangu, akakataa mara nne. Alitaka kwanza upimwe damu, mimi sikukwambia. Zile kilo tatu nilinunua sokoni, kwa mtu simjui."

Nikaendelea, maana ningenyamaza nisingeanza tena.

"Na siku ile uliponiambia niwaambie madaktari, sikuwaambia. Nilisema hakuna. Siku nzima. Ayi ndiye aliyewaambia."

"Uliniambia umewaambia."

"Nilikudanganya."

"Nilikuwa nakutazama mdomo, Jovi. Nilikuwa nakutazama mdomo unavyosema Kichina, nikasema moyoni, Mungu asante huyu mtu yupo." Mikono yake ilikuwa juu ya shuka, haitikisiki. "Kwa nini?"

Nilikuwa na maelezo. Mimi siku zote nina maelezo. Nikasema, "Niliona aibu."

"Aibu." Kalirudia hilo neno kama anayeonja chumvi. "Mimi nife, wewe usione aibu."

Kisha akavuta shuka mpaka kidevuni, akasema nitoke.

Kwenye ngazi nimerekodi sauti ya kundi. Mara ya kwanza nimejitetea, nimeifuta. Mara ya pili nimetania, nimeifuta. Mara ya sita nimesema tu: mimi Jovitus, nilinunua mimi, nikapima mimi, nikaficha mimi, Ayi Lin alikataa, na bila yeye Dainess asingekuwepo. Nimeituma. Nimezima simu.

Mei 22

Sitaandika walivyoniita. Wamesema kweli.

Mei 24

Njoki kaja kwangu, kaniita majina kwa Kikuyu, kisha kasema, "Sasa twende unitafsirie nikaombe msamaha, na ukitoa neno lako hata moja nakuangusha." Tumeenda. Ayi alikuwa amefungua, anafagia. Njoki alikuwa na machungwa. Nimetafsiri neno kwa neno, nimehisi kama mtoto anayesoma risala. Ayi kapokea machungwa. Ombi langu la msamaha kalisikiliza lote, kisha kaendelea kufagia, kafagia mpaka vidole vya viatu vyangu, nikasogea, kafagia nilipokuwa nimesimama.

Mei 31

Sikukuu ya mashua za joka. Mvua ya leo Wachina wanaiita maji ya mashua. Nimekaa ndani.

Juni 3

Kaja nyumbani. Safia ndiye aliyemleta, na ndiye aliyefungua mlango kwa ufunguo wa Dainess, nami nimesimama ndani kama mgeni. Macho yameanza kuwa meupe. Rovu liko palepale, saizi ileile. Kapita mbele yangu, kaingia chumbani, kafunga.

Juni 5

Napika, namwachia mlangoni. Sahani inarudi imeoshwa.

Juni 9

Nimeanza kuvaa shati bila kujali limekauka.

Juni 12

Nimemsikia kupitia ukuta akiongea na Safia. Daktari karuhusu asafiri, na barua ya kuwaonyesha madaktari wa nyumbani, na damu ipimwe kila wiki. "Nikitoka kwenye send-off naenda Dar moja kwa moja, wakate. Nimeshaona kinachouma kuliko kisu." Safia kasema amina. Mimi upande wangu wa choo nimesema pia, bila sauti.

Juni 15

Wateja wapya wawili, wa Tabora. Muuza jaketi wa Shahe kasema bu xing. Nimewageukia nikawaambia: amekataa. Wakasubiri niendelee. Nimewaambia tena: amekataa, twendeni kwingine. Mmoja kamnong'oneza mwenzake kwamba huyu kiongozi tuliyeambiwa mkali, mbona mpole.

Juni 17, Jumanne

Kesho anaondoka. Kutwa nzima namsikia anaburuta vitu: viatu vya mama mkwe, shuka, vitenge vya kamati, nguo za keki, sijui keki ina nguo gani. Mimi niko mezani na daftari hili, naandika herufi moja moja ili nionekane nina kazi.

Saa kumi jioni mlango wake umefunguliwa. Siku ishirini na saba tangu aniambie nitoke.

"Jovi."

Nimeinuka mpaka kiti kimeanguka.

"Begi halifungi."

Nimeingia. Begi kubwa limevimba katikati ya chumba, limefunua mdomo. Yeye kapiga magoti upande mmoja, zipu mkononi, jasho kwenye paji la uso, skafu imetupwa kitandani. Hakunitazama. Nimetaka kusema kitu, maneno matatu mazuri yamenijia kwa pamoja.

"Usiongee," amesema. "Kalia hapo."

Nimekalia. Amevuta zipu.